Herufi Moja Kati ya Ndiyo na Hapana

Chukua mfano wa kikundi cha kuweka na kukopa chenye kundi lake la WhatsApp. Mweka hazina anaandika: "Mama Neema atalipa mwezi huu." Mwanachama wa kwanza anaona fedha zinakuja, anaanza kupanga mkopo wake. Wa pili anamfahamu mweka hazina, anajua kwamba h humponyoka anapoandika kama inavyomponyoka anaposema, naye anasoma kinyume: Mama Neema hatalipa. Ujumbe huo hauna kifupisho hata kimoja wala neno la mtaani, na mwalimu akiusahihisha hataona pa kuweka kalamu nyekundu. Lakini ikiwa mwanachama wa pili yuko sahihi, basi kosa la mweka hazina ni zito kuliko "xaxa" zote na "cjui" zote zilizoandikwa kwenye kundi hilo tangu lianzishwe.

Swali la iwapo sarufi ina umuhimu katika maandishi ya mtandaoni yasiyo rasmi hujibiwa kwa kelele za pande mbili. Upande mmoja unalalamika kwamba vijana wanakiua Kiswahili kwenye simu. Upande wa pili unasema mradi tumeelewana, sarufi ibaki darasani. Mimi siukubali wowote kati yao. Sarufi ina umuhimu hata katika ujumbe wa marafiki, ila si sarufi yote kwa uzito mmoja. Kosa lipimwe kwa kile linachomnyima msomaji. Tukilipima hivyo tutagundua kwamba makosa mengi yanayotukera hayaigusi maana, na machache tusiyoyatilia maanani ndiyo yanayogeuza ndiyo kuwa hapana. Hasira yetu imeelekezwa pasipostahili.

Kwanza tutenganishe mambo ambayo mabishano haya huyachanganya. "Ntakuja" ni matamshi ya kila siku yaliyoandikwa kama yanavyosikika. Kiambishi cha nafsi bado kimo, na hakuna kanuni ya sarufi iliyovunjwa. "Cjui" ni tahajia ya mkato: herufi c husomwa kwa jina lake la Kiingereza ili ishike nafasi ya "si", na ukanushi umebaki mahali pake. "2taonana" hutumia tarakimu kwa mbinu hiyohiyo. "Xaxa" haifupishi chochote, maana ina herufi nne kama "sasa". Ni alama ya rika, kijana anajitambulisha kwa wenzake. "Kaja" kwa maana ya "amekuja" ni umbo la mazungumzo lenye utaratibu wake. "Batoto" ya mtu wa Lubumbashi ni sarufi ya Kiswahili cha Kongo, na "ndia", yaani njia, ya mtu wa Mombasa ni Kimvita kilichokuwapo kabla hatujawa na Kiswahili sanifu cha kukipimia. Ukiyaweka haya yote katika kapu moja la "makosa", umeshindwa kuutambua ugonjwa kabla hujatoa dawa.

Sasa tuangalie namna lugha inavyojilinda. Mawasiliano ya binadamu hupita katika kelele, haraka na kusikia vibaya, kwa hiyo kila lugha hurudia taarifa muhimu ili sehemu moja ikipotea nyingine iiokoe. Wanaisimu huiita hali hii uziada, na Kiswahili kimejaliwa nayo kwa wingi. Tazama sentensi "Kile kitabu changu kikubwa kimepotea." Ngeli imetajwa mara tano, katika kila neno. Mlinzi mmoja akianguka, wanne wapo. Ndiyo maana mtu wa Nairobi akiandika "kile kitabu yangu kubwa imepotea", sikio la mtu wa Unguja litauma, lakini hakuna atakayekwenda kutafuta kitu kingine. Upatanisho wa kisarufi, unaopigiwa kelele kuliko makosa yote, ndio eneo lenye ulinzi mkubwa kuliko yote.

Sisemi kwamba upatanisho ni pambo. Katika vishazi rejeshi ndio unaobeba maana yenyewe: "mguu wa kiti uliovunjika" ni kazi ndogo kwa fundi, "mguu wa kiti kilichovunjika" ni habari ya kiti kizima. Na katika maandishi marefu upatanisho humshika msomaji mkono tangu kiima hadi nukta. Lakini ujumbe mwingi wa simu ni mfupi, una kiima kimoja na kitenzi kimoja, na hapo mkanganyiko wa ngeli hudhuru heshima ya mwandishi kuliko unavyodhuru maana.

Pasipo na mlinzi wa pili

Hatari ya kweli iko pale ambapo taarifa nzito imebebwa na herufi moja au alama moja, bila chochote cha kuiokoa ikidondoka. Mahali pa kwanza ni h ya ukanushi. Kwa kawaida ukanushi wa Kiswahili una ulinzi maradufu. "Anajua" ikikanushwa huwa "hajui": h imeingia, -na- imetoka, na irabu ya mwisho imegeuka i. "Amefika" huwa "hajafika", kwa -me- kuipisha -ja-. "Alilipa" huwa "hakulipa". Mtu akiandika "ajui", "ajafika" au "akulipa", h imepotea lakini hapana imebaki. Ni vigumu msomaji kupotea. Wakati ujao hauna bahati hiyo, kwa sababu -ta- haibadiliki kamwe. Atalipa, hatalipa. Utapata, hutapata. Mzigo wote wa ukanushi umeangukia h peke yake. Ikitoka, sentensi haiwi mbovu ili ikushtue. Inakuwa sentensi nyingine, safi kabisa, yenye maana ya kinyume.

Inafaa kuona mpaka wa hatari hii, kwa sababu haiko kila mahali. Wingi uko salama: "atutalipa", "amtalipa" na "awatalipa" hazina maana nyingine, kwa hiyo akili ya msomaji huzirudisha zenyewe kuwa "hatutalipa", "hamtalipa" na "hawatalipa". Nafsi ya kwanza umoja haitumii h kabisa, hukanushwa kwa si-. Mtego uko kwa "wewe" na "yeye", nafsi tunazozitaja kutwa kucha. Uko pia kwenye "hana" na "ana", "huna" na "una", maneno ambayo hakuna siku ya soko isiyoyatumia. Na vitenzi vyenye asili ya Kiarabu vina mtego wao wa ziada, kwa kuwa irabu yao ya mwisho haibadiliki: "hasafiri kesho" ikipoteza h huwa "asafiri kesho", na taarifa ya kwamba mtu haendi imekuwa agizo la kwamba aende.

Tatizo hili lina upande wa pili usiosemwa sana. Mtu aliyewahi kuchekwa kwa kudondosha h huanza kuibandika hata isipohitajika, akaandika "hatakuja" akimaanisha kwamba mgeni yuko njiani. Hapo msomaji amenyang'anywa kila kitu. Hawezi kuiamini h anayoiona, wala kuamini kukosekana kwa ile asiyoiona, na inambidi amjue mwandishi kwa sauti na kwa asili ndipo ajue alichoandika. Maandishi yanayotegemea kumjua mwandishi yamepoteza kazi yake ya kwanza, ambayo ni kusema badala ya mtu asiyekuwapo.

Mahali pa pili ni alama ya kuuliza. Kiingereza hupindua mpangilio wa maneno kinapouliza swali la ndiyo au hapana. Kiswahili hakifanyi hivyo, "Umelipa" na "Umelipa?" ni neno lilelile, na katika mazungumzo hutenganishwa na kiimbo peke yake. Kwenye simu kiimbo hakipo. Kilichobaki ni alama ya kuuliza, au neno "je" kwa anayependa kulitumia. Ndugu anayemuuguza mzee nyumbani akiandikiwa na mwenzake "Dawa ya jioni amekunywa", je, ameulizwa au amejulishwa? Akichukulia kwamba amejulishwa, mzee atalala bila dawa. Akichukulia kwamba ameulizwa naye hajui, huenda mzee akapewa dawa mara mbili. Watu huichukulia alama hii kama urembo wa darasani. Katika Kiswahili kilichoandikwa, alama hiyo ndiyo sarufi ya swali.

Mahali pa tatu ni irabu za viambishi. Wanaoandika Kiingereza kwenye simu hufuta irabu nyingi na bado husomeka, na vijana wetu wameiga mbinu hiyo bila kuangalia kama nyumba yetu imejengwa vilevile. Kiswahili kimeziweka njeo na nafsi katika silabi fupi ambazo mara nyingi hutofautishwa na irabu tu. "Nikilipwa" ni ahadi yenye sharti. "Nikalipwa" ni kisa cha jambo lililokwisha. Ukiandika "nklipwa" umeviacha vyote viwili mezani, na anayekudai atachagua kinachompendeza. "Alipe" ni agizo, "alipa" haifanyi kazi hiyo. Kutenganisha viambishi nako kuna gharama: "nikupe" ni mtu anayeomba ruhusa ya kutoa, "ni kupe" ni mdudu wa ng'ombe.

Linganisha hayo na kuchanganya l na r, kosa linalochekwa kuliko yote. Ni kweli kwamba "kura" na "kula", "kalamu" na "karamu", "mahali" na "mahari" ni maneno tofauti. Lakini hapa upatanisho huja kuokoa: "patatajwa" ni mahali, "itatajwa" ni mahari, hata kama mwandishi amekosea herufi ya katikati. Na mada yenyewe huokoa, kwa kuwa ni nadra habari ya uchaguzi kuchanganywa na habari ya chakula. Kosa tunalolicheka limezungukwa na walinzi. Lile la h ya "hatalipa" limeachwa uwanjani peke yake, na hatulioni.

Tunayoyaamini bila kuyapima

Imani ya kwanza ni kwamba vifupisho vitakiua Kiswahili. Tukumbuke vilikotoka. Ujumbe mfupi wa kwanza wa simu ulitumwa Uingereza tarehe 3 Desemba 1992, na teknolojia hiyo ilikuja na kikomo cha herufi 160. Kwa lugha yenye maneno marefu kama yetu kikomo hicho kilibana mno: "tutakapowasiliana" pekee ina herufi 17, zaidi ya sehemu ya kumi ya ujumbe mzima, na aliyezidi alilipia ujumbe wa pili. Kufupisha kulikuwa kubana matumizi. WhatsApp ilipoanzishwa mwaka 2009 na mitandao mingine kuenea, kikomo kile kilipoteza nguvu, lakini desturi ilikwishakuwa utambulisho wa rika. Mwanaisimu David Crystal alitoa kitabu kizima mwaka 2008 akipinga hofu ya kwamba ujumbe mfupi unaharibu Kiingereza, na utafiti wa Chuo Kikuu cha Coventry uliochapishwa 2009 ulikuta watoto wa miaka 10 hadi 12 waliotumia vifupisho zaidi wakifanya vizuri zaidi katika kusoma. Matokeo hayo tusiyahamishe yalivyo, kwa kuwa tahajia ya Kiingereza ina mkanganyiko ambao sisi hatuna. Yanatosha hata hivyo kuonyesha kwamba kifupisho hakithibitishi ujinga. Anayeandika "cjui" anajua fika kwamba neno ni "sijui".

Historia yetu wenyewe inatoa somo zaidi. Kiswahili kiliandikwa kwa herufi za Kiarabu kwa karne nyingi kabla ya tahajia sanifu. Utendi wa Tambuka uliandikwa Pate mwaka 1728 kwa hati hiyo, yenye alama za irabu tatu kwa lugha yenye irabu tano, na ambamo herufi moja ingeweza kusomwa p, b au mb. Kiunguja kilichaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu katika mkutano wa Mombasa wa 1928, na Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ikaanza kazi 1930. Tahajia tunayoilinda kama urithi wa mababu ni kazi ya karne iliyopita. Mababu waliandika wakaelewana, lakini tuangalie kwa nini: msomaji wa utendi mara nyingi aliujua kabla ya kuusoma, na barua ya mfanyabiashara ilisomwa na mtu aliyejua shughuli yake. Muktadha uliziba mapengo ya hati.

Hapo ndipo imani ya pili inapobomoka, ile ya "mradi tumeelewana". Tulioelewana ni akina nani? Ujumbe wa simu huandikiwa mmoja ukasomwa na mia. Hupigwa picha, husambazwa kutoka kundi hadi kundi, na humfikia mtu asiyejua mwandishi ni nani, anatamka vipi, wala mazungumzo yalianzia wapi. Tanzania ina Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inayotambua ujumbe wa kielektroniki kama ushahidi. Kile ulichokiandika ukiwa kitandani kinaweza kusomwa na hakimu asiyekufahamu. Tumeyaita mazungumzo haya yasiyo rasmi kwa sababu tunaongea na ndugu, jirani na shemeji. Uhusiano ndio usio rasmi. Jambo lenyewe mara nyingi ni mkopo, kodi ya nyumba, dozi ya mtoto, siku ya mazishi au nauli iliyotumwa, na mambo hayo hayapungui uzito kwa kuandikwa na mtu tunayetaniana naye.

Imani ya tatu ni kwamba kumsahihisha mtu hadharani ni kuitetea lugha. Lugha nyingi za Kibantu hazitofautishi l na r kama Kiswahili kinavyotofautisha, na mamilioni ya watu wamekuja kwenye Kiswahili kutoka lugha hizo. Anapochekwa mbele ya kundi zima, mtu wa namna hiyo hajifunzi r, anajifunza kunyamaza. Nimeona mara nyingi hoja nzuri juu ya bei ya mbolea au uongozi wa shule ikizimwa na mtu mmoja aliyekamata herufi moja na kuacha hoja yote. Huko ni kutumia sarufi kama fimbo ya kumwondoa mtu barazani, na aliye Pwani, aliyezaliwa katika lugha hii, ana wajibu mkubwa kuliko wote wa kutoifanya fimbo. Kiswahili kimeenea kwa sababu kilimpokea mgeni na lafudhi yake.

Tufanye nini

Dawa ya kwanza iko mikononi mwa mwandishi, na Kiswahili kimekwisha kuiandaa. Pale ambapo lugha haikuweka mlinzi wa pili, muweke wewe. Badala ya "hatakuja" tupu, andika "Hapana, hatakuja." Badala ya "hana hela", andika "hana hela yoyote" au "hana hata shilingi". Maneno kama "wala", "hata mmoja" na "bado" hukaa karibu na ukanushi na kumshtua msomaji endapo h imekosekana. Swali lianze na "je" au liishe na alama yake. Haya hayageuzi ujumbe kuwa barua ya serikali, na unaweza kuyachanganya na utani wote unaoutaka.

Dawa ya pili ni ya makundi. Kundi lolote linaloshughulikia fedha, wagonjwa au watoto wa shule lijiwekee desturi moja: ujumbe wenye kiasi, tarehe, dozi au ahadi huandikwa bila mkato, na msomaji mwenye shaka huuliza kabla ya kutenda. Marekebisho yafanywe faraghani, na yahusu maana kwanza. Ukiuliza "umemaanisha atalipa au hatalipa?" umemsaidia mwenzako na lugha kwa pamoja.

Dawa ya tatu inahusu vifaa. Simu nyingi hapa kwetu zimebaki na kibodi ya Kiingereza, hivyo kila neno la Kiswahili hupigiwa mstari mwekundu, liwe sahihi au la. Mwandishi akishazoea kuona "tumefika" ikihukumiwa kuwa kosa, hatashtuka kwa kosa la kweli. Kibodi za Kiswahili zipo, Gboard ikiwa mojawapo, na kuiwasha ni kazi ya dakika chache. Lakini tusijidanganye: kikagua tahajia hakitawahi kukamata "atalipa" iliyokusudiwa kuwa "hatalipa", kwa kuwa yote mawili ni maneno halali. Hapo taasisi za Kiswahili za BAKITA na TATAKI na wahandisi wetu wa programu wana kazi ya kufanya pamoja, ya kutengeneza vikaguzi vinavyojua njeo na ukanushi wa Kiswahili, vyenye uwezo wa kumwuliza mwandishi kama alikusudia kukubali au kukana. Na taasisi zinazochapisha matangazo mtandaoni ziwe na mhariri, kwa sababu umma hujifunza kuandika kutokana na kile unachokisoma kila siku.

Dawa kubwa kuliko zote iko darasani. Tunamfundisha mtoto kuandika barua kwa mhariri ambayo huenda asiiandike maisha yake yote, na hatumfundishi kuandika ujumbe atakaouandika leo jioni. Mwalimu achukue ujumbe wa simu, awape wanafunzi waugeuze kuwa taarifa rasmi, kisha warudishe taarifa rasmi kuwa ujumbe wa rafiki bila kupoteza maana. Katika zoezi hilo watagundua wenyewe kipi kinaweza kukatwa na kipi hakigusiki, na watajua kuhama mtindo kulingana na msomaji, ujuzi ambao ndio umahiri wa lugha. Jozi za atalipa na hatalipa, una na huna, asafiri na hasafiri zipewe muda zinaostahili, kwa kusikiliza na kwa kuandika, hasa katika maeneo ambako h ni ngeni ulimini. Na mitihani ya Kiswahili ibadilishe swali lake la msingi. Pamoja na kumuuliza mtoto kama amefuata kanuni, imuulize pia: mtu asiyekujua ataelewa nini katika ulichokiandika? Mtoto anayeweza kulijibu swali hilo anaweza kuachiwa simu bila hofu yoyote juu ya Kiswahili.